Mpinzani wa Asidi: Soda ya Kostiki na Ndugu Zake katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Vitabu vingi vinavyosimulia historia ya shaba ya Katanga, eneo la kusini mwa Kongo ambalo Lualaba ya leo ni sehemu yake, huyataja mawe, reli, makampuni na vita, na vikifika kiwandani huitaja asidi ya sulfuri, kwa kuwa ndiyo inayoyeyusha madini na ndiyo inayoogopwa, lakini ni vichache vinavyokumbuka kwamba hakuna kiwanda cha asidi kilichoweza kwenda hata wiki moja bila kitu cha kuituliza asidi hiyo. Kitu hicho ni alkali, jina linalojumuisha dutu zote ambazo zikikutana na asidi huuvunja ukali wake na kuzaa chumvi: majivu ya kuni, magadi, chokaa, magnesia, na ile iliyo kali kuliko hizo zote, soda ya kostiki, ambayo wanakemia huiita hidroksidi ya sodiamu na ambayo mafundi wa Kolwezi na Likasi, waliojifunza kazi kwa Kifaransa, huiita kwa jina la Kifaransa, soude caustique. Neno kostiki lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kitu kiunguzacho, na anayeigusa kwa kidole kilicholoa haulizi tena kwa nini ilipewa jina hilo.

Tenke ni mahali panapofaa kuitazamia historia hiyo. Ni njiapanda ya reli iliyo juu ya uwanda wa Lualaba, ambapo njia itokayo Lubumbashi na Likasi hugawanyika, tawi moja likielekea kaskazini hadi Bukama na jingine likielekea magharibi hadi Kolwezi, Dilolo na mpaka wa Angola. Na funzo la kwanza ambalo njiapanda hii humpa mtafiti ni kwamba katika nchi iliyo mbali na bahari kiasi hiki, dawa ya kiwandani huchaguliwa kwa uzito wake ndani ya behewa kabla ya kuchaguliwa kwa nguvu yake ndani ya pipa. Kwa kipimo hicho soda ya kostiki imeshindwa mara kwa mara katika Lualaba. Chokaa imeishinda, na baadaye magnesia imeishinda pia, hata ikabaki kuwa dawa ya kazi ndogondogo za kiwandani na, nje ya kiwanda, dawa ya sabuni. Unyonge huo wa kibiashara haukuipunguzia ukali, bali uliifanya ienee mikononi mwa watu bila kufuatana na mafunzo yaliyokuwa yakiifuata asidi.

Kabla ya viwanda, alkali ya Afrika ya Kati na Mashariki ilitoka jikoni na ziwani. Majivu ya kuni yakichujwa kwa maji hutoa maji ya utelezi yenye kabonati ya potasiamu, ambayo hulainisha mboga ngumu na ambayo, yakichemshwa pamoja na mafuta, hutoa sabuni laini isiyoganda vizuri. Magadi, yaani kabonati ya sodiamu ya asili inayokauka kando ya maziwa ya Bonde la Ufa, hufanya kazi zilezile, na soko lake lilikuwa kubwa kiasi cha kuvutia kampuni ya kigeni iliyoundwa mwaka 1911 kulichimba Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, na kulijengea tawi lake la reli. Ili magadi yawe soda ya kostiki yanahitaji hatua moja tu, nayo ni kuchemshwa na maziwa ya chokaa, kwa maana chokaa huchukua kaboni ya magadi na kuzama chini ikiwa unga mweupe, huku juu yakibaki maji makali yenye hidroksidi ya sodiamu. Njia hiyo ni ya kale, na kwa karne nyingi ndiyo iliyokuwa njia pekee.

Ulaya ilipokosa majivu ya kutosha kwa ajili ya vioo, vitambaa na sabuni zake, Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hataza mwaka 1791 ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida, na mwaka 1861 Ernest Solvay, Mbelgiji, akapata hataza ya njia safi zaidi iliyotumia chumvi, mawe ya chokaa na amonia. Hatua ya mwisho ilikuwa ya umeme: mwaka 1892 wanakemia Castner huko Uingereza na Kellner huko Austria, kila mmoja bila ya mwenzake, walibuni njia ya kupitisha umeme ndani ya maji ya chumvi na kupata soda ya kostiki moja kwa moja, pamoja na gesi ya klorini. Kwa kila tani ya klorini hupatikana soda tani moja na zaidi kidogo, na kwa hiyo kiwanda cha soda hakiwezi kusimama mahali ambapo hakuna mnunuzi wa klorini. Katanga ilikuja kuwa na umeme mwingi wa maji, kuanzia kituo cha Mwadingusha kwenye mto Lufira kilichoanza kazi mwaka 1930, lakini iko mbali na chumvi ya bahari na mbali zaidi na viwanda vinavyotumia klorini kwa wingi. Soda ya kostiki ikawa mzigo wa kusafirishwa, na hapo ndipo hesabu ya behewa inapoanza.

Uchimbaji wa wenyeji haukuhitaji hesabu hiyo. Mafundi wa Kisanga na wa jamii jirani, ambao askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika kuwahusu mwaka 1926 maandishi yaliyowatangaza kwa jina la walaji shaba, walichagua malakiti, jiwe la kijani lenye shaba nyingi, wakaliyeyusha kwa makaa ndani ya tanuru za udongo wa kichuguu na kumimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Moto ulifanya kazi yote. Hata Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilipowasha tanuru zake za kwanza Lubumbashi mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya reli ya kutoka kusini kufika, ilikuwa ikifuata wazo lilelile kwa mashine kubwa zaidi, na mawe ya chokaa yaliingia katika tanuru kwa ajili ya kulainisha takataka za mwamba tu, ili zitiririke zikiwa zimeyeyuka.

Mabadiliko yalitokea Likasi, mji ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Mawe yenye shaba nyingi yalipungua, na yaliyobaki yalikuwa na shaba kidogo iliyosambaa ndani ya mchanga na udongo, isiyostahili gharama ya makaa ya kuagizwa. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kuyeyusha madini hayo kwa asidi ya sulfuri na kuitoa shaba kwa umeme, na tangu siku hiyo Katanga ikawa nchi ya asidi. Asidi, hata hivyo, haichagui: huyeyusha shaba, na pamoja nayo huyeyusha chuma, alumini, manganizi, zinki na kobalti, na ili kila kimoja kitengwe inabidi ukali wa maji upunguzwe hatua kwa hatua, maana kila metali huzama ikiwa hidroksidi katika kiwango chake cha ukali, chuma kikitangulia, shaba ikifuata na kobalti ikichelewa. Anayepunguza ukali huo kwa uangalifu hupata kila metali peke yake, na anayekosea hupata tope lisilouzika. Kazi hii nyeti ilikabidhiwa chokaa, iliyopatikana karibu katika machimbo ya mawe ya chokaa ya Kakontwe, nje kidogo ya Likasi.

Sababu ya uchaguzi huo inaeleweka vizuri zaidi kwa namba. Kilo 40 za soda ya kostiki hutuliza asidi ileile inayotulizwa na kilo 28 za chokaa isiyozimwa, au kilo 20 tu za magnesia, ambayo ni oksidi ya magnesi. Kwa maneno mengine, hata kama dawa hizi zote tatu zingetoka bandari moja na kuuzwa kwa bei moja, mwenye kiwanda cha Katanga angelipia uchukuzi wa soda mara mbili ya uchukuzi wa magnesia, na chokaa isingemgharimu uchukuzi wowote wa mbali kwa kuwa ilichomwa hapo hapo. Soda ina sifa moja ambayo nyingine hazina, nayo ni kwamba huyeyuka kabisa katika maji na haiachi mashapo, ilhali chokaa ikikutana na asidi ya sulfuri huacha jasi, unga uleule unaotengenezewa plasta, ambao huziba mabomba na kuchanganyika na bidhaa. Wahandisi wa Shituru na waliowafuata walikubali kuishi na jasi. Wafanyakazi wengi wa zamani wa viwanda hivyo wanajua mabomba yaliyofungwa na jasi kuliko wanavyojua kitu kingine chochote cha kemia.

Mahali ambapo familia ya soda ilipata kazi yenye heshima palikuwa kwenye visafishio vya madini, yaani viwanda vya kuongeza wingi wa shaba ndani ya mawe kabla ya kuyapeleka kwenye asidi, na kisa chake ni mojawapo ya visa vya ajabu zaidi katika ufundi wa Afrika ya Kati. Njia inayotumika huko huitwa uelezaji, kwa maana ya kufanya kitu kielee. Jiwe husagwa hadi liwe tope laini, dawa hutiwa, hewa hupulizwa kutoka chini, na chembe za madini zilizopakwa dawa hung'ang'ania mapovu na kupanda juu, ambako povu huenguliwa, huku mchanga ukibaki chini. Kwa madini ya sulfuri dawa zake zilijulikana duniani kote, lakini malakiti ya Katanga hayakuzitii. Yaliyoitika ni mafuta ya mawese. Mafuta hayo yalipasuliwa kwanza kuwa asidi za mafuta na gliserini, kisha asidi hizo za mafuta zikachanganywa na dizeli kidogo na kuvurugwa pamoja na kabonati ya sodiamu hadi ziwe maji meupe kama maziwa, na hatimaye zikamiminwa katika tope la mawe pamoja na silikati ya sodiamu, ambayo kazi yake ni kuuzuia mchanga usipande na povu. Kisafishio cha Kolwezi, kilichoanza kazi mwaka 1941, kilijulikana kwa njia hiyo.

Msomaji aliyewahi kuona sabuni ikipikwa atakuwa ameshatambua kilichokuwa kikitendeka. Mafuta ya mawese na soda ni sabuni, na Kolwezi ilikuwa ikiosha milima yake kwa sabuni. Tofauti pekee ni kwamba mama wa nyumbani hutaka uchafu uende na povu na nguo ibaki, ilhali mhandisi alitaka malakiti yaende na povu na mchanga ubaki. Njia hiyo ilikuwa na mpaka wake: asidi za mafuta hushika pia dolomiti, mwamba wenye chokaa na magnesi, hivyo mawe ya dolomiti yalihitaji dawa nyingine, nayo ilikuwa hidrosulfidi ya sodiamu, ambayo huyapaka malakiti ngozi nyembamba ya sulfuri ili yatii dawa za kawaida. Hidrosulfidi hiyo hutengenezwa kwa kupitisha gesi ya hidrojeni sulfidi ndani ya soda ya kostiki, na kwa hiyo soda ambayo haikuweza kuingia Kolwezi kwa mlango wa mbele iliingia kwa mlango wa nyuma. Inafaa kusemwa papo hapo kwamba dawa hiyo haitakiwi hata kidogo kukutana na asidi, kwa kuwa huiachilia tena gesi iliyomezwa, ambayo hunuka yai bovu ikiwa kidogo, huua pua isisikie harufu ikizidi, na ikizidi zaidi huua mtu.

Mambo hayo yote yalitegemea reli. Njia kati ya Bukama na Ilebo ilikamilika mwaka 1928 na kuipa Katanga mlango wa kutokea kupitia mito ya Kongo yenyewe, na mwaka 1931 njia ya kutoka bandari ya Lobito, baada ya kukata zaidi ya kilomita 1,300 za ardhi ya Angola, iliungana na ile ya Kongo na kufika Tenke. Kwa zaidi ya miaka 40 njiapanda hiyo ilipitisha shaba ikienda na dawa zikija. Kiwanda cha Luilu, karibu na Kolwezi, kilichoanza mwaka 1960, mwaka uleule wa uhuru, kilijengwa kwa kutegemea utaratibu huo na kikaendeleza kazi ya Shituru kwa kiwango kikubwa zaidi, asidi ikitangulia na chokaa ikifuata. Mwanzoni mwa 1967 serikali iliitaifisha Union Minière, na kampuni iliyozaliwa ikaja kuitwa Gécamines. Kisha mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga ile njia ya Lobito, inayojulikana kama reli ya Benguela.

Kufungwa kwa reli hiyo kuliiumiza Tenke kwa namna mbili. Njiapanda ilipoteza tawi lake lenye faida zaidi, na papo hapo mradi mkubwa wa kuchimba vilima vya Tenke na Fungurume, ulioanzishwa na muungano wa makampuni ya kigeni mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulisimamishwa mwaka 1976, wakati bei ya shaba ilipokuwa imeanguka na dawa pamoja na mashine zikiwa hazina njia fupi ya kupitia. Mashapo ya vilima hivyo, yaliyo miongoni mwa mashapo tajiri ya shaba na kobalti duniani, yalilala kwa zaidi ya miaka 30. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, iliporomoka katika muongo uliofuata, mgodi wa Kamoto ukaanguka mwaka 1990, na visafishio vilivyokuwa vikinywa mawese na soda vikakaa bila dawa wala vipuri.

Mgodi wa Tenke Fungurume ulipoanza kutoa shaba mwaka 2009, chini ya kampuni ya Marekani ya Freeport-McMoRan, ambayo mwaka 2016 iliiuzia hisa zake China Molybdenum, sasa CMOC, ufundi ulikuwa umebadilika. Asidi hutengenezwa hapo hapo kwa kuchoma salfa iliyoagizwa, shaba hutolewa katika maji ya asidi kwa mafuta maalumu kabla ya kupelekwa kwenye umeme, na kobalti haitolewi tena ikiwa metali bali huuzwa ikiwa hidroksidi, unga mbichi wenye unyevu unaosafirishwa ng'ambo kwenda kusafishwa na hatimaye kuingia katika betri za simu na magari. Ili hidroksidi hiyo izame lazima alkali itiwe, na hapo ndipo soda ya kostiki iliposhindwa kwa mara ya pili. Safari hii aliyeishinda ni magnesia. Chokaa isingefaa kwa hatua hiyo kwa kuwa jasi ingezama pamoja na kobalti na kuishusha bei. Soda haileti jasi, lakini hidroksidi inayozamishwa kwa soda huwa laini kama uji wa wanga, hushika maji, hugoma kuchujika na hivyo huongeza uzito wa mzigo, tena soda yenyewe ni ghali na nzito kuisafirisha. Magnesia hufanya kazi polepole, ikitoa chembe nzito zinazochujika, na sulfati ya magnesi inayozaliwa hubaki imeyeyuka katika maji. Migodi mingine ya Lualaba imefuata njia hiyohiyo. Chokaa haikufukuzwa, kwa sababu ndiyo inayotangulia kuondoa chuma na alumini na ndiyo inayokuja mwisho kusafisha maji yanayomwagwa.

Soda ya kostiki imebaki basi na kazi zilizo nyuma ya pazia: kuosha gesi chafu kabla hazijatoka kwenye bomba la moshi, kurudishia nguvu chembe za kusafishia maji, kurekebisha ukali wa maji ya kunywa na ya matangi ya mvuke, kufanya vipimo vya maabara, kuondoa mafuta kwenye vyuma. Kwingineko duniani ni mfalme, kwa kuwa karibu alumini yote ya viwandani huanzia katika soda kwa njia ya Karl Josef Bayer ya mwaka 1888, na viwanda vya karatasi, rayoni, sabuni na dawa za kufanyia usafi huitumia kwa wingi. Lualaba huipokea kwa sura mbili, ikiwa magamba meupe yaliyofungwa katika mifuko ya kilo 25, au ikiwa maji mazito ambayo nusu ya uzito wake ni soda. Hiyo sura ya pili ina tabia ambayo wengi hawaitegemei katika nchi ya joto: maji ya soda ya asilimia 50 huganda yakifikia nyuzi 12 hivi za Selsiasi, na Kolwezi, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, hupata usiku baridi zaidi ya hapo katika Juni na Julai. Bomba lililoganda alfajiri si hatari lenyewe, ila hatari huja pale fundi mwenye haraka anapolifungua au kuligonga ili lizibuke, kwa maana kilicho nyuma ya kizuizi hutoka kwa kishindo na kumrukia usoni. Kulizungushia joto la upole na kusubiri ndiko kunakofaa.

Ubaya wa soda mwilini hautofautiani kwa kiwango tu na ule wa asidi, bali hutofautiana kwa namna. Asidi kali huigandisha nyama ya mwili na kutengeneza gaga ambalo kwa kiasi fulani huizuia isizame zaidi, na maumivu yake humshtua mtu papo hapo. Soda huyageuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni na kuziyeyusha protini, ndiyo maana aliyemwagikiwa huhisi utelezi kwanza, na kwa kuwa hakuna gaga la kuizuia huendelea kuzama hata baada ya ngozi kuonekana imeoshwa. Jicho ndilo linaloathirika vibaya kuliko viungo vyote, na dakika za mwanzo ndizo zinazoamua kama litaona tena. Tiba ya kwanza ni moja, maji mengi yanayotiririka, kwa dakika zisizopungua 20 kwa ngozi na zaidi kwa jicho, kope zikiwa zimeshikwa wazi, nguo zilizoloa zikiwa zimevuliwa, kisha hospitali. Dhana kwamba siki au limau huponya kwa kuwa asidi hutuliza alkali ni kosa la kuchukua kanuni ya pipa na kuipeleka mwilini, kwa sababu mkutano wa hizo mbili huzaa joto juu ya jeraha na kumchelewesha mtu kufika kwenye maji.

Joto hilo ndilo chanzo cha ajali nyingi za maandalizi. Soda kavu ikiyeyuka hutoa joto la kuweza kuyachemsha maji, na kwa hiyo soda hutiwa ndani ya maji baridi kidogo kidogo huku ikikorogwa, wala maji hayamiminwi juu ya soda, kwa kuwa maji machache juu ya soda nyingi hulipuka kwa mvuke na kurusha matone makali. Chombo kiwe cha plastiki nzito au cha chuma, na mtu awe amevaa miwani inayofunga pande zote, glavu ndefu za mpira na aproni. Mifuko huwekwa mahali pakavu, imefungwa, kwa kuwa soda huvuta unyevu wa hewa hadi ikawa maji, na huwekwa mbali na asidi, mbali kabisa, si kwenye rafu ya jirani.

Katika viwanda kanuni hizi huandikwa ukutani, na bafu za dharura hujengwa karibu na mapipa. Nje ya kiwanda, soda ileile hupimwa kwa vikopo sokoni na kufungwa katika mifuko midogo ya plastiki isiyo na maandishi, kwa ajili ya sabuni ya mawese au ya mafuta ya mise ambayo familia nyingi za Kongo huitengeneza na kuiuza. Kazi hiyo inastahili heshima, kwa kuwa ililisha nyumba nyingi wakati mishahara ya migodini ilipokoma, na mafundi wake wanaijua vizuri soda kwa mikono kuliko wahandisi wengi wanavyoijua kwa karatasi. Hata hivyo vyombo vyao ndivyo vilivyo katika kila nyumba, na kati ya hivyo sufuria ya alumini haifai hata mara moja, kwa sababu soda huila alumini na kutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto kwa cheche, hadi sufuria inatoboka na maji makali yakamwagika miguuni. Chupa ya soda ya kunywa nayo haifai kuhifadhia maji ya soda ya kostiki. Kwa macho ya mtoto ni maji ya kunywa, na mtoto aliyemeza funda moja huungua umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambayo ikipona hupona ikiwa imekunjamana na kuziba, na humlazimu apanuliwe kwa vifaa vya hospitali kwa miezi au miaka. Mtoto huyo hatakiwi kutapishwa, kwa kuwa kilichounguza wakati wa kushuka kitaunguza tena wakati wa kupanda.

Uchukuzi ndio umeleta dawa za viwandani mlangoni kwa watu ambao hawajawahi kuajiriwa na kiwanda. Reli ilipodhoofika, mzigo ulihamia barabarani, na barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi kupitia Likasi na Fungurume ikawa njia ya malori ya asidi, chokaa, salfa na magnesia yanayopita katikati ya vijiji na masoko. Tarehe 20 Februari 2019 lori lililobeba asidi ya sulfuri lilihusika katika ajali katika kijiji cha Kabwe, kwenye barabara hiyo, likapinduka na kumwaga asidi juu ya abiria wa basi na watu wengine, na watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Ng'ambo ya mpaka, tarehe 18 Februari 2025, bwawa la mabaki ya asidi karibu na Chambishi, Zambia, lilipasuka na kuutia mto Kafue sumu, na serikali ikamwaga chokaa mtoni hata kwa ndege, kazi ileile ambayo chokaa ya Kakontwe imekuwa ikiifanya ndani ya mapipa kwa karibu karne nzima. Reli ya Benguela nayo imefufuka: ilizinduliwa upya ndani ya Angola mwaka 2015, na shehena ya Kongo imeanza tena kuipitia hadi Lobito, jambo ambalo, likikua, litairudishia Tenke mabehewa yake na kuwapunguzia wanavijiji wa barabarani baadhi ya malori.

Hadi hapo, anayeishi kando ya barabara hiyo anaweza kujifunza namba chache ambazo sheria za kimataifa za uchukuzi huzitaka ziandikwe kwenye bamba la rangi ya machungwa lililobandikwa kwenye lori au tangi, maana namba hizo hazibadiliki hata maandishi mengine yakiwa ya Kichina, Kiingereza au Kifaransa. 1830 ni asidi ya sulfuri, 1824 ni soda ya kostiki iliyo katika maji, 1823 ni soda kavu, na namba 8 chini ya picha ya mkono unaobabuliwa huviweka vyote hivyo katika kundi moja la vitu vinavyobabua. Lori lenye mojawapo ya namba hizo likianguka, kinga ya kwanza ni kukaa mbali, upande unakotoka upepo, na kutochota chochote kilichomwagika, hata kikiwa cheupe na kikavu kama chumvi.